Asili Haiuzwi kwa Ratili

Wazee wametuachia usemi kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeishi na usemi huo tangu utotoni, nikaufundisha darasani kwa miaka mingi, wala sikupata kuutilia shaka mpaka siku nilipotumwa dukani huko Marekani na mwanangu mwenyewe. Siku hiyo nilikuta vizuri na vibaya vimepangwa rafu moja, vyote vikijitembeza, na vyote vimevaa joho moja lililodariziwa neno moja. Neno hilo ni asili.

Najua wako watakaouliza: jarida la washairi lina haja gani na habari za kikapu cha sokoni? Jibu langu ni fupi. Pale dukani niliuziwa maneno kwanza, chakula kikafuata nyuma yake. Na popote maneno yanapouzwa, mshairi ana haki ya kusimama mbele ya mizani na kuuliza uzito wake. Tusipouliza sisi tuliolelewa kwa kupima silabi, nani atauliza?

Mwanangu anaishi Maryland, si mbali na mji wa Washington. Hufanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Mumewe huendesha gari la kupeleka vifurushi majumbani kwa watu. Wana mtoto wa miaka miwili ambaye ngozi yake hukauka, huwasha na kutoka vipele, na kwa ajili ya mtoto huyo wameazimia kila kiingiacho nyumbani mwao kiwe cha asili. Sikuwacheka. Mzazi mwenye mtoto anayejikuna usiku kucha hachekwi. Asubuhi moja, akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini, alinipa dola 90 na orodha ya vitu kumi na viwili, akaniambia, “Mama, usiende lile duka la karibu. Nenda lile la vitu vya asili. Ni ghali, lakini roho yangu inatulia.” Mkwe wangu, kijana mwenye adabu zake, akaongeza maneno ambayo ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi: “Tena Mama, kula vya asili ni sawasawa na kurudi kwetu.”

Makala haya ni jibu langu kwa mkwe wangu, na kwa wote wasemao kama yeye, walioko ughaibuni na walioko hapa visiwani.

Nisilinyime duka lile haki yake. Ni pahala pazuri. Mboga hunyunyiziwa maji kama bustani ya sultani, mwanga wake hauumizi macho, na harufu ya mkate humpokea mtu mlangoni. Ukutani pametundikwa picha kubwa za wakulima wanaotabasamu, kila mmoja ameshika kikapu chake, na hapana hata mmoja aliyeandikwa jina. Nilizunguka nusu saa nzima kikapu changu kikiwa kitupu. Si kwamba sikuona cha kununua, bali kila nilichokishika kilinisifia nafsi yake mpaka nikaona haya kukirudisha.

Ilinibidi kwanza nitenganishe maneno mawili ambayo mwanangu, na wengi wetu, huyachanganya: kilimo hai na asili. Kilimo hai huko Marekani ni neno lenye sheria. Bunge lao lilipitisha sheria yake mwaka 1990, na kanuni zake zikaanza kutumika kikamilifu mwezi wa Oktoba 2002. Chakula kinachobeba muhuri wa mviringo wa wizara yao ya kilimo ni lazima asilimia 95 au zaidi ya viambato vyake, ukiacha maji na chumvi, vitokane na kilimo hicho: bila mbolea za viwandani, bila mbegu zilizobadilishwa vinasaba, na bila sehemu kubwa ya zile dawa za kuulia wadudu zinazoundwa kwa kemikali. Kikifikia asilimia 70 tu, kinaruhusiwa kusema kwamba kimetengenezwa kwa viambato vya kilimo hai, lakini muhuri hakipewi. Mkaguzi huenda shambani, na madaftari hufunguliwa. Si kanuni kamilifu. Zipo dawa zinazoruhusiwa ndani yake, kama zile za shaba. Hata hivyo ni neno lenye mwenyewe. Ukilitumia kwa uongo, yuko wa kukushitaki.

Asili halina mwenyewe. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo haijapata kulitungia kanuni rasmi. Mwaka 2015 iliwaomba wananchi waeleze neno hilo lipewe maana gani. Maoni kwa maelfu yakapelekwa, na kanuni haikutoka. Kilichopo ni mwongozo wa zamani tu, usemao kwamba chakula kisitiwe kitu cha kuundwa ambacho mtu hangetarajia kukikuta humo. Kwa upande wa nyama, wizara ya kilimo imeridhika na haya: isitiwe rangi wala kiambato cha kuundwa, na isichakatwe kupita kiasi. Basi. Haiulizi kuku aliishi wapi, alilishwa nini, wala kama aliwahi kuliona jua. Kuku aliyelelewa bandani na maelfu ya wenziwe, asiyejua kuparura mchanga, akichinjwa na asitiwe rangi, huyo ni wa asili. Sisi tunaye kuku wa kienyeji, na hata mtoto wa Makunduchi atakueleza kuku wa kienyeji ni yupi, kwa sababu anamfukuza kila siku jikoni mwa bibi yake.

Hapo ndipo lilipo shina la hoja yangu, nami nalieleza kwa lugha ya darasani. Kuna jina, na kuna sifa. Jina hukuambia kitu ni nini, kimetoka wapi na kwa mikono ya nani. Sifa hukuambia ukionee vipi. Jina laweza kuhojiwa: ukiniambia hili ni embe sindano na silo, nitakushika uongo. Sifa haihojiki: ukiniambia embe hili ni zuri, safi, la asili, nitakushika wapi? Ndiyo sababu mwenye bidhaa njema hutanguliza jina, na mwenye mashaka hutanguliza sifa. Na duka lile, kwa uzuri wake wote, limejaa sifa na limepungukiwa na majina.

Nitatoa mfano wa ndizi. Hapa kwetu hakuna mtu aendaye sokoni Darajani akasema “nipe ndizi” akaishia hapo. Ataulizwa: mkono wa tembo au mzuzu? Kisukari, bokoboko, pukusa au mtwike? Kila jina lina mapishi yake na msimu wake, na huyo asiyeyajua majina hupewa za kuiva jana. Kule dukani, ndizi zote zilikuwa za namna moja, na kila kichane kilibandikwa kijikaratasi chenye nambari. Nambari 4011 ni ndizi ya kawaida. Nambari 94011 ni ndizi ileile iliyolimwa kwa kilimo hai. Ile tisa ya mbele ndiyo cheti chake. Tusiidharau nambari, kwa maana ile tisa ni habari ya kweli, na inasema zaidi ya vibao vyote vya sifa vilivyotundikwa juu yake. Lakini nilisikitika kwamba katika duka lililojengwa juu ya neno asili, tunda limepoteza jina likapewa tarakimu, na kijikaratasi kisemacho kweli ni kidogo kuliko ukucha, ilhali kibao kinachosifu ni kipana kuliko mlango.

Kutoka hapo niliingia katika safu ambayo mkwe wangu angeiita kwetu. Nilikuta mafuta ya nazi katika chupa za kioo, yameandikwa bikira, na mengine bikira wa ziada. Kwa mafuta ya zeituni maneno hayo yana vipimo vyake vinavyojulikana. Kwa mafuta ya nazi hilo la ziada halina kipimo chochote, ni pambo la lebo tu. Mama zetu walijua tui la kwanza na tui la pili, walijua kasimile na machicha, na kila neno lilikuwa na kazi yake chunguni. Nani amewahi kusikia tui la ziada? Chupa ile iliahidi moyo wenye afya. Nami nasoma magazeti: mwaka 2017 jumuiya ya madaktari wa moyo ya huko huko Marekani iliwashauri watu wasiyategemee mafuta ya nazi, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni yale mazito yanayopandisha lehemu mwilini. Sisemi tuache kupika samaki wa kupaka. Nasema nazi ni chakula kitamu chenye haki yake chunguni, wala haikuomba kufanywa tabibu.

Pembeni yake palikuwa na ubuyu. Ulisagwa unga mweupe, ukatiwa katika mfuko wenye picha ya mbuyu na jua linalokuchwa, na bei yake ikawa dola 19 kwa mfuko ambao haujai mikono miwili. Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikaufungulia mlango mwaka uliofuata. Chakula kipya! Mbuyu ambao huenda ulikuwako kabla ya msikiti wa Kizimkazi kujengwa, leo ni chakula kipya. Nyuma ya mfuko niliandikiwa kwamba ubuyu huo umetoka Afrika. Afrika ipi? Ya Dodoma au ya Senegali? Bara zima limefanywa kuwa kijiji kimoja kisicho na jumbe wala mtaa.

Lakini palipo na uzito ni pa mwani, na hapo naomba msomaji anivumilie, maana ni habari ya damu yangu. Mwani wa kulimwa ulianza kuwa zao la biashara hapa Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na walioubeba mabegani tangu mwanzo ni wanawake. Ndugu yangu wa tumbo moja ni mmoja wao. Maji yakitoka, hutoka na kamba zake na mambo zake, hufunga tawi moja moja, huinama mpaka mgongo unasahau kunyooka, na maji yakirudi humkuta angali kiunoni mwa bahari. Bei ya kilo ya mwani mkavu kwa miaka mingi imekuwa ya mamia ya shilingi tu. Siku hizi maji ya kina kifupi yamezidi joto, na ile aina yenye bei nzuri zaidi huoza na kukatika kabla haijakomaa.

Mwani huo husafirishwa ukiwa mkavu, na huko viwandani ng’ambo hukamuliwa utomvu uitwao karajinani, unaozifanya aiskrimu na maziwa ya lozi ziwe nzito na laini mdomoni. Sasa tazama niliyoyaona. Katika safu ya maziwa ya lozi, karibu kila boksi lilijigamba kwa herufi kubwa kwamba halina karajinani. Wateja walitiwa hofu juu ya utomvu huo. Mwaka 2016 bodi ya washauri wa kilimo hai ilipendekeza uondolewe katika orodha ya viambato vinavyoruhusiwa, na mwaka 2018 wizara ikaamua ubaki. Mjadala huo nawaachia wenye maabara. Kilichonishangaza ni kwamba nilipogeuka safu ya pili, ile ya vidonge na dawa za miti, nilikuta vichupa vya ute wa mwani, ghali kuliko nyama, vikisifiwa kwamba ni zawadi safi ya bahari. Mwingine katika mwani uuzwao kwa sifa hiyo ni wa jamii ileile ilimwayo pwani yetu. Yaani chini ya paa moja, mwani ni aibu ukiwa ndani ya boksi la maziwa, na ni fahari ukiwa ndani ya kichupa. Haukubadilika mwani. Yamebadilika maneno. Na katika safu zote mbili, dada yangu hakutajwa.

Sasa namrudia mkwe wangu. Anasema kula vya asili ni kurudi kwetu. Baba, kwetu kupi? Mchele tunaokula visiwani, sehemu kubwa hutoka ng’ambo. Kuku wa barafu tunayemnunua siku ya sikukuu amepanda meli. Hata ule ubuyu wa watoto unaotupa sifa bara nzima, mwekundu kama damu ya mzee, wekundu wake hautoki mbuyuni. Unatoka dukani kwa muuza rangi. Sikusudii kututukana. Nakusudia kusema kwamba kwetu hakukuwahi kuwa pahala pa usafi usiotiwa doa. Kulikuwa na kungali pahala pa majina. Tulijua mwenye shamba, tulijua mwenye ng’ombe, na muuza samaki akikuuzia samaki aliyelala, kesho ulimjua pa kumkuta. Hiyo ndiyo asili tuliyokuwa nayo, na haitiwi katika chupa. Mwenye kuiuza kwa ratili anakuuzia kumbukumbu yako mwenyewe, nawe unatoa chenji.

Wako watakaonijibu kwamba mimi nacheza na maneno, ilhali wao wanalinda afya za watoto wao. Hoja hiyo naiheshimu, na sitaijibu kwa kejeli. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya tafiti nyingi wakazipima pamoja, na hawakupata ushahidi wenye nguvu kwamba vyakula vya kilimo hai vina lishe kubwa kuliko vingine. Waliona hata hivyo kwamba vina mabaki machache zaidi ya dawa za wadudu. Kwa hiyo anayetoa pesa zaidi kwa tunda lenye muhuri hatupi pesa zake zote baharini; anayo sababu moja ya haki. Lakini sababu hiyo ni ya neno lenye sheria. Neno asili halikuingia katika utafiti huo, kwa kuwa hakuna awezaye kupima kitu kisicho na mpaka.

Tena nitawapa ushahidi wa nyumbani kwa mwanangu. Mtoto yule alikuwa akioshwa kwa sabuni iliyonunuliwa kwa bei ya kutisha, yenye mafuta ya karafuu na mdalasini, na ubavuni imeandikwa asili tupu. Nilipoisikia harufu yake nilikaribia kulia kwa kuikumbuka Pemba wakati wa mavuno. Daktari wa mtoto aliponusa alikunja uso. Aliwaambia waache sabuni yoyote yenye manukato, hata yawe ya miti, maana ngozi ya namna hiyo huchokozeka. Akawaandikia mafuta ya kawaida yasiyo na harufu, na wiki chache baadaye mtoto akaanza kulala. Karafuu ni asili. Pilipili nayo ni asili, na hakuna amwoshaye mtoto kwa pilipili.

Na si sabuni peke yake. Mwaka 2023, vifuko vya rojo la tofaa lenye mdalasini, chakula cha watoto wachanga, viliondolewa madukani Marekani baada ya kukutwa na madini ya risasi, na mamia ya watoto wakaathirika. Mdalasini wenyewe ndio uliokuwa umechafuliwa. Mwaka 2024 wakaguzi walionya tena juu ya mdalasini wa unga wa aina kadhaa. Mdalasini ni gome la mti, hauna kosa. Uliharibikia njiani, mikononi mwa watu wasiojulikana, baina ya mti na kifuko. Sifa haimlindi mtoto. Humlinda mtu anayejulikana, anayeweza kuulizwa.

Wapo pia wa upande wa pili, wale wanaosema kwamba duka la namna hiyo ni mchezo wa matajiri, na mwenye zamu ya usiku na anunue popote, anyamaze. Hao nawapinga kwa nguvu zaidi. Mwenye dola 300 akidanganywa kwa lebo amepoteza starehe. Mwenye dola 90 akidanganywa amepoteza chakula cha siku tatu na fedha aliyokuwa aipeleke kwao. Mwenye kidogo ndiye mwenye haja kubwa ya kusoma. Umaskini haujapata kumnyima mtu akili ya kuchagua. Bibi zetu walichagua dagaa mmoja mmoja juu ya jamvi.

Basi nilifanyaje? Nilirudi mlangoni nikaanza upya, nikajiwekea sharti moja: sitasoma mbele ya kitu chochote kabla ya kusoma nyuma yake. Kwenye nyuma ya kopo au mfuko ndiko sheria inakomlazimisha muuzaji aseme kweli, viambato vikipangwa kutoka kile kizito hadi kile chepesi. Kopo la tui lililoandikwa nazi na maji nililitia kikapuni. Lililofuatisha mistari minne nililirudisha. Nikatazama na kile kibandiko kidogo cha rafuni kionyeshacho bei kwa wakia moja, nikagundua kwamba mfuko mkubwa si kila mara una nafuu, na kwamba bidhaa yenye nembo ya duka lenyewe na muhuri wa kilimo hai mara nyingi ni rahisi kuliko ile yenye picha ya jua.

Maharage, dengu na mchele nilivipima kutoka yale mapipa ya kujitekea, ambako hakuna sifa iliyoandikwa ila jina na bei. Stroberi za mtoto nilichukua zenye muhuri, kwa sababu huliwa na ngozi yake. Nanasi, parachichi na vitunguu nilichukua visivyo na muhuri, kwa sababu ganda lake hutupwa na mabaki ya dawa ndani yake ni haba. Mboga za barafu zenye muhuri zilikuwa nusu ya bei ya zile zilizonyunyiziwa maji. Mdalasini nilinunua wa vijiti, nikausage mwenyewe. Mafuta ya nazi, unga wa ubuyu, sabuni na vibanzi vya muhogo, ambavyo vyote vilikuwamo katika orodha, niliviacha pale pale vikijisifu.

Keshia aliniambia dola 61. Mwanangu alipoamka na kukuta orodha yake imepungua vitu vinne, alinitazama kama anitazamavyo siku zote ninapomrekebishia shairi. Nikamkabidhi dola 29 zilizobaki, nikamwambia, “Hizi mtumie mama yako mkubwa. Huyo ndiye bahari safi iliyoandikwa kwenye kichupa.” Akazituma siku ile ile.

Sitaki msomaji wa visiwani amalize makala haya akiwacheka Wamarekani. Ugonjwa umekwisha kuvuka bahari. Pitia maduka ya Mji Mkongwe yauzayo zawadi kwa wageni: sabuni ya asili, chai ya asili, mafuta ya asili, hakuna kijiji, hakuna mtu. Tumejifunza kuviuza vya kwetu kwa sifa ya kigeni. Wako wakulima wa viungo ambao hawajapata kuona bomba la dawa maisha yao yote, na bado hawawezi kuandika kilimo hai juu ya mfuko, kwa sababu cheti kina gharama zake na makaratasi yake. Hilo ni jambo la kupigania: vyama vya ushirika vishike cheti kwa pamoja, na serikali ibebe sehemu ya gharama. Lakini kuna jambo lisilohitaji cheti wala ruzuku, nalo ni kuandika jina. Karafuu hizi ni za bonde fulani Pemba. Mwani huu umelimwa Jambiani, na kikundi fulani cha akina mama. Embe hili ni bolibo. Mgeni atakayeyasoma hayo atakuwa amenunua kitu, na mkulima atakayeyaona atajua kwamba yeye ni mtu.

Na kwenu washairi wenzangu: tumelitumia neno asili mpaka tumelichosha. Asili yetu, lugha yetu asilia, utamaduni wetu wa asili. Tumeliimba bila kulihoji, na mfanyabiashara amelikuta limelala wazi mlangoni akalichukua. Tulirudishie uzito wake. Atakayeandika asili katika beti zake, naaandike na mtaa, na mtu, na msimu. Nami naanza kwa hizi mbili:

Mwani waota majini, kwa jasho la mama yule,
Maji yako kiunoni, kamba mkononi tele,
Jina lake silioni, katika chupa za kule,
Asili yataka jina, sifa tupu ni kicheko.

Geuza chupa kwa nyuma, ndiko siri yake iko,
Herufi ndogo kusoma, ndiyo kinga ya mfuko,
Uliza na mkulima, jina lake na aliko,
Asili yataka jina, sifa tupu ni kicheko.